Safari ya Mavyaa Wangu Wakati wa Ukungu

Mavyaa wangu, yaani mama mzaa mume wangu, alikuwa Mshambaa wa milimani, upande wa Soni. Aliolewa Tanga angali msichana mdogo, na mimi nilipoingia nyumba ile ya Ngamiani kama mke wa mwanawe wa pekee, alikwisha kukaa pwani muda mrefu hata watu wengi wa mtaani walimdhani ni wa hapa hapa. Alijifunga kanga kama sisi, wali wake wa nazi ulimshinda hata mama yangu wa Kigombe, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Jambo moja tu lilimtenga na sisi: joto hakulizoea. Miezi ya kaskazi, sisi tukilalamika kidogo na kuendelea na kazi, yeye aliketi uani na beseni la maji, akichovya kitambaa na kujipangusa shingo, kimya kabisa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi sijamaliza hata mwaka tangu niolewe. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Alifanya kazi kibarazani, mbele ya nyumba yetu wenyewe, na alikuwa mtu wa uangalifu mno. Hakuziba pancha bila kuupitisha mpira wote kwenye maji mara mbili, hata kama mwenye baiskeli ameapa kwamba tobo ni moja tu. Watu walimcheka, lakini walirudi kwake.

Siku moja mwanamke aliyekuwa akiteremsha kabichi na viazi kutoka milimani kwa garimoshi alifika nyumbani kwetu akitokea sokoni. Alikuwa na salamu za dada mkubwa wa mavyaa wangu. Ndugu hao walikuwa wawili tu waliobaki katika tumbo lao, na hawakuwa wameonana tangu mume wangu alipokuwa mtoto wa kubebwa.

"Miguu imeanza kumkataa," yule mwanamke alisema. "Amenituma hivi: mwambie mdogo wangu, kama ana nia ya kuniona, aje wakati bado naweza kusimama mlangoni nimpokee."

Mavyaa alimkaribisha chakula, akamuuliza habari za huyu na yule, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nitakwenda."

"Utakwenda, mama," mume wangu alimjibu. "Ila kwa mpango. Njia ile si ya kukurupukia."

Mpango wenyewe ulianza kwa maswali. Kila aliyeleta baiskeli na ikajulikana amewahi kupanda milima ile alisailiwa. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Soni huharibika miezi gani? Matope hukauka lini? Baridi huanza lini, na huisha lini? Neno la baridi ndilo lililomkosesha usingizi, maana mavyaa alikuwa na kifua. Kilimbana mara kwa mara, akawa anapumua kwa sauti kama ya mlango mkavu, na dresa wa hospitali alikuwa amemwonya mume wangu kwamba mtu wa namna ile akae mbali na baridi.

Basi mwaka ukakatwa vipande vipande pale uani kwetu. Masika hapana, mlima huporomokea barabarani. Kipupwe hapana, huku chini ni raha lakini huko juu ni baridi na ukungu juma zima. Vuli haiaminiki, huja inapotaka na kuondoka inapotaka. Ikabaki miezi ya kaskazi, baada ya vuli na kabla ya masika. Huku jua linachoma, lakini huko juu, wajuzi walisema, hewa ni nzuri, njia kavu, na mtu akisimama ukingoni mwa mlima huiona nyika yote iliyolala chini. Jirani yetu wa Kidigo alitoa maoni yake. Muuza mafuta ya taa naye alitoa yake. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa Kigombe, kijiji cha wavuvi, na nimekulia penye mawingu na pepo, nilijiona bingwa wa mvua kuliko watu wa mjini, nikasema mengi. Mavyaa alikuwa pale pale akichambua mchele, na sikumbuki kama kuna aliyemgeukia.

Mume wangu alimnunulia sweta nzito ya sufu, rangi ya zambarau, kutoka duka la Mhindi. Tukatafuta papa mkavu wa kupeleka, na nazi, na doti mbili za kanga. Vyote vikawekwa ndani ya kapu, kapu likawekwa juu ya kabati.

Mwaka ule vuli ilikataa kuisha. Mvua iliendelea hadi kaskazi yenyewe ilipotakiwa kuwa imekaa sawasawa, kisha dereva mmoja wa lori akatuletea habari kwamba kipande cha barabara karibu na Soni kimekwenda na maji. Mume wangu akasema tungoje watengeneze. Walipotengeneza, joto lilikuwa limepanda sana mjini, na kifua cha mavyaa kikambana kuliko nilivyowahi kuona. Alilala siku nyingi. Nilikuwa nikimwegemeza kwenye mito aweze kuvuta pumzi, na mgongo wake ulikuwa umelowa jasho. Alipopata nafuu, mawingu ya masika yalikwisha kusimama baharini, na Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Tulifunga, tukafuturu mvua ikinyesha juu ya bati, tukasali Idd uwanja ukiwa matope. Masika yalikuwa makubwa. Wateja wa baiskeli walipungua, na mume wangu alikaa kibarazani akitazama maji yanavyopita mtaani na kurudia hesabu yake ya miezi. Mvua zilipokatika, upepo wa kusi ukaleta ubaridi wake mtamu, tukaanza kulala tumejifunika.

"Sasa ni kipupwe," alimwambia mama yake. "Kule ndio kipindi kibaya kabisa. Tuvumilie mpaka Septemba, mama. Septemba ni kukavu na baridi imepungua. Nimeuliza."

"Haya," mavyaa alisema.

Kesho yake nilimkuta ameliteremsha kapu kutoka kabatini. Alitoa vipande vya papa, akavigawa kwa majirani. "Vitaharibika," alisema. Wala havikuwa vimeharibika. Papa mkavu hukaa. Nilivitazama vikienda mlango hadi mlango, nikaelewa kwamba ameacha kuitumaini safari.

Mimi na yeye hatukuwa na mazoea ya kuzungumza. Aliniheshimu, nami nilimheshimu, nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, na mambo yetu yalikuwa chumvi, kuni na maji. Lakini jioni ile tukiwa tumekaa mkekani, nilijipa moyo.

"Mama, nikuulize neno?"

"Uliza."

"Wewe mwenyewe ulitaka kwenda lini?"

Aliweka ungo chini. Aliniangalia muda, nikadhani nimemkosea adabu.

"Tangu maneno haya yaanze," alisema, "wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza."

"Ni lini, mama?"

"Sasa. Wakati wa ukungu. Jua likiwaka kule, watu wote wako mashambani, wengine wameteremka bondeni hawarudi mpaka giza. Dada yangu atakuwa peke yake, nami nitakaa naye tukitazama njia kama wagonjwa. Lakini sasa mahindi yamevunwa, watu wako ndani, moto unawaka mchana kutwa. Huo ndio wakati wa kwenda kwa watu."

"Na kifua?"

"Kifua hiki nilikipata hapa hapa, Ngamiani. Kule sikuwa nacho. Huenda kikanibana huko, sisemi hakitanibana. Lakini mimi nimezaliwa ndani ya ukungu, mwanangu. Hicho kiangazi anachonitafutia mwenzio ni kizuri, ila nikienda wakati huo nitafika mahali nisipopajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Nilimwendea mume wangu wakati anafunga kazi, anapanga spana zake kwenye sanduku. Nilimweleza. Hakunitazama.

"Mimi nahangaika mwaka mzima," alisema, "yeye hakusema."

"Hukumuuliza, bwana. Hata mimi sikumuuliza."

"Nimpeleke kwenye baridi, kifua kimkamate, afie huko? Kisha niishi vipi?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sina mzazi mwingine. Baba nilimzika kabla sijajua kumtunza. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Hapo nikaona kwamba maswali yote yale aliyokuwa akiwauliza watu kibarazani yalikuwa woga tu, na nikamhurumia. Alinawa mikono, akaingia ndani kwa mama yake, nami nikabaki ukumbini. Mlango ulikuwa wazi.

"Mama, nimesikia," alisema.

"Umesikia vizuri."

"Naogopa."

"Najua, baba. Mpango wako ni mzuri sana, mtu asikuambie vingine. Ila umempangia mgonjwa. Mimi nakwenda kumwona dada yangu."

Nikamsikia mume wangu akicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na asiyejuta. Alitoka akaniambia, "Utakwenda naye. Sweta avae tangu Mombo. Akikataa, mvalishe kwa nguvu."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka, wakati ambao kila mtu Ngamiani alisema si wakati. Papa tulinunua mwingine. Mume wangu alitupeleka stesheni asubuhi, kapu limefungwa nyuma ya baiskeli, sisi tukitembea ubavuni. Garimoshi la daraja la tatu lilikuwa limejaa. Mavyaa alipata kiti dirishani. Muheza palikuwa na manyunyu ya mchoo, mvua zile nyepesi za kipupwe, na baada ya hapo ni mkonge, mkonge, mistari ya mkonge isiyokwisha, mpaka Korogwe. Alikuwa kimya njia nzima. Nilimtegea sikio nisikie pumzi zake.

Mombo tulishuka kwenye joto na vumbi kama vile mvua hazijawahi kusikika. Tukapanda basi la kwenda juu. Nikamtolea sweta.

"Hapa?" alisema. "Unataka kunichemsha?"

Ndani ya basi walikuwa Washambaa watupu na mizigo yao. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akasema neno kwa Kishambaa, si kwa sisi, kwa yeyote tu, pengine alilalamikia kuku aliyekuwa miguuni mwake. Mavyaa akamjibu. Basi zima likaangua kicheko. Nilimgeukia kwa mshangao. Katika nyumba yetu sikuwahi kumsikia akifanya mzaha hata mmoja. Lakini kuanzia pale hadi tunapanda zile kona za mlima, mavyaa alikuwa akisema na kujibiwa, akipiga mapaja, akifuta machozi ya kucheka, na mimi nimekaa ubavuni mwake kama mgeni wa mtu nisiyemjua. Aliponitafsiria, alinitafsiria nusu tu. "Mengine hayafai kwa mkwe," alisema.

Kisha ukungu ukatupokea. Ulitelemka juu ya barabara kama moshi wa kuni mbichi, ukaingia madirishani, na watu wakajifunga shuka zao. Basi lilipunguza mwendo, likapunguza tena. Mwishowe utingo aliteremka, akavua shati lake jeupe, akatangulia mbele akilipunga ili dereva aione njia. Upande wa kushoto kulikuwa na sauti ya maji yanayoanguka mbali chini, na sikuona kitu. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Nikasoma kila aya niliyohifadhi chuoni.

Mavyaa alifumba macho. Nikadhani kifua kimeanza.

"Mama, vipi?"

"Nanusa," alisema.

Karibu na Soni matope yalilikamata basi, likakataa kwenda mbele wala nyuma. Dereva alisema wenye miguu watembee. Nikamwambia mavyaa tungoje. Akawa amekwisha kuteremka. Mama yule wa kuku alitusaidia kubeba kapu. Tulipanda kijinjia katikati ya migomba, tunateleza, mimi nimevua viatu na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mavyaa alisimama mara nyingi kupumzika, na sasa pumzi zake nilizisikia kweli, zile za mlango mkavu. Niliogopa mpaka nikataka kulia. Yeye alinyanyua mkono tu, kuniashiria ningoje, kisha akaendelea. Wala hakuuliza njia. Mahali fulani aligeuka kushoto penye jiwe ambalo mimi nisingeliona kama si kujikwaa nalo.

Nyumba hatukuiona, tuliona rangi nyekundu ya moto, hewani, kama imening'inia. Mbwa akabweka. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza jambo kwa Kishambaa.

Mavyaa hakusema ni mimi fulani. Aliita jina moja, fupi, ambalo baadaye niliambiwa ni jina la utotoni la dada yake, ambalo hakuna aliyebaki hai wa kulitamka ila yeye. Tukasikia fimbo ikigonga ardhi, tap, tap, na bibi mmoja akajitokeza mlangoni, mrefu, mwembamba, amesimama kwa miguu yake. Hawakukimbiliana. Walikaribiana pole pole, wakashikana mabega, wakatazamana kwa karibu sana kama watu wanaotafuta kovu fulani. Ndipo walipolia.

Kifua kilimbana siku mbili za mwanzo. Sitaki kusema hakikumbana. Mama mkubwa, kwa maana ndivyo nilivyomwita yule dada, alichemsha majani ndani ya chungu, akamfunika mdogo wake shuka kichwani, akamfukiza, huku akimgombeza kwa jambo ambalo sikulielewa. Siku ya tatu akapumua. Baridi haikumfanya kitu tena. Ilinifanya mimi. Mimi ndiye niliyevaa sweta ya zambarau mchana na usiku, nikikaa karibu na moto hadi kanga ikaungua pembe. Wajukuu wa mama mkubwa walinitazama na kucheka, na walinipa bakuli baada ya bakuli la makande ya moto wakiniita mtu wa nyika.

Ilikuwa kama alivyosema. Watu hawakwenda mbali. Jamaa, majirani, wazee waliomjua tangu binti, waliingia mmoja mmoja kutoka kwenye ule weupe, wakipangusa matone usoni, wakakaa. Maneno yalikuwa hayaishi. Mama mkubwa alikuwa Mkristo, amebatizwa misheni zamani, na mavyaa alisilimu alipoolewa. Nilidhani patakuwa na ubaridi kidogo hapo. Lakini alfajiri nilimwona mama mkubwa akijikongoja kuinjika maji ya moto, ili mdogo wake asitawadhe kwa maji ya baridi. Na Jumapili mavyaa alimfunga dada yake kitambaa cha kichwa kizuri, akasimama mlangoni akiwaangalia wajukuu wakimkokota kwenda kanisani, mpaka ukungu ulipowameza.

Tulikaa kuliko tulivyopanga. Siku ya kuondoka palikuwa bado pameziba. Mama mkubwa alitusindikiza hadi mwisho wa migomba yake, hakuweza zaidi. Walishikana mikono. Sisi tukashuka hatua chache, nikageuka nyuma nimpungie, nikaona weupe tu.

"Afadhali," mavyaa alisema.

"Afadhali nini, mama?"

"Siku niliyoolewa kulikuwa na jua kali. Nilishuka mlima mzima kila nikigeuka namwona pale pale kwenye migomba, anazidi kuwa mdogo. Mpaka Mombo. Nilikuwa msichana. Nililia hadi Tanga." Akanishika mkono kwa sababu ya utelezi. "Leo nimemwacha tumeshikana mikono, na ndivyo nitakavyomkumbuka."

Tulipofika nyumbani, mume wangu alimtazama mama yake toka juu mpaka chini, akamtegea sikio kifuani kama anavyotegea tairi, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nakohoa. Alicheka sana.

Mwaka uliofuata, kipupwe kilipoingia, ni yeye mwenyewe aliyesema, "Mama, huko juu ukungu umeanza, nimeuliza." Alikwenda naye, mimi nikabaki kwa kuwa nilikuwa mzito wa binti yetu wa kwanza. Walirudi wakizungumza Kishambaa wao wawili, yeye akikosea kila neno na mama yake akimsahihisha.

Mama mkubwa alifariki katika masika yaliyokuja baada ya hapo. Habari ilifika ikiwa imechelewa, barabara imefunga, na hapakuwa na namna ya kupanda. Mume wangu aliketi mkekani karibu na mama yake siku nzima, hakugusa baiskeli hata moja. Jioni alisema, "Mama, nisamehe. Njia haipitiki."

"Najua haipitiki, baba," alisema. "Ni masika." Alinyoosha mikono akamchukua binti yetu mapajani mwangu, akamlaza begani kwake, akaanza kumwimbia kwa Kishambaa, taratibu, mvua ikinyesha nje.